Eti dhoruba ya jua inakuja kuunguza friji zetu, fundi anauza kifaa elfu 45, ninunue?

BibieNgamiani:

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Mi ni mama wa Ngamiani hapa Tanga mjini, nauza samaki na barafu, nina friza mbili za kifua ndo zinanilea mimi na wanangu. Sasa toka juzi kwenye grupu letu la mtaa kuna sauti inazunguka, mwanaume ana sauti nzito kama mtangazaji wa taarifa ya habari, anasema jua linaenda kulipuka, umeme dunia nzima utakatika siku tatu na kila kilichochomekwa kwenye soketi kitaungua, na simu tuzizime kuanzia saa sita na nusu usiku tusilale nazo karibu. Sikushughulika nayo sana maana hizi habari za mionzi ya usiku zimeanza kuzunguka toka enzi za simu za batani na mpaka leo tupo. Lakini jana asubuhi kapita kijana fundi na begi mgongoni, anauza kitu anaita gadi ya jua, elfu 45, unachomeka ukutani afu friza unaichomeka kwenye hicho kidude, anasema hizi gadi za kawaida za friji haziwezi kuzuia umeme wa jua. Majirani wawili wamenunua palepale, mmoja kakopa hela ya kijumbe.

Mi nimemwambia apite Ijumaa. Naogopa kwa sababu mwaka jana umeme ulikatika usiku ukarudi alfajiri kwa kishindo, nikasikia tap! nyuma ya friza, basi, kompresa imekwenda. Nilikuwa na changu na kolekole humo, nikauza kwa bei ya kutupa mpaka saa nne, waliobaki nikagawa mtaani. Sasa hivi nina pweza kilo thelathini na kitu wa mtu wa hoteli. Nauliza tu, hii dhoruba ya jua ni kitu kipo kweli au uzushi? Na kama ipo inaweza kukata umeme? Na kidude ninunue nisinunue? Asiyejua anyamaze, asinitukane.

Msela_wa_Makorora:

Bibie nunua mwavuli uifunike friza, jua la Tanga hili mwezi wa pili mbona kila siku ni dhoruba hahaha

MzeeLainiKubwa:

Marahaba mwanangu. Mimi nimestaafu, nimefanya kazi za laini kubwa za umeme miaka mingi, kuanzia Hale mpaka bara huko, kwa hiyo ntakujibu kwa urefu kidogo univumilie, mkono wenyewe wa simu ni mzito.

Dhoruba ya jua ipo, tena kweli kabisa. Ila sio joto na wala sio moto unaoshuka kama huyo bwana wa kwenye sauti anavyotisha watu. Jua mara nyingine linatapika bonge la gesi yenye chaji pamoja na sumaku yake ndani, linasafiri kuja huku siku moja mpaka tatu, hiyo ni kama limeelekea kwetu maana mengi yanakwenda upande mwingine kabisa wala hatuyajui. Likifika linaigonga sumaku ya dunia, sumaku inatikisika. Basi hapo ndo penye mambo.

Tanga mji wa baiskeli, kila mtu humu anaijua dainamo. Sumaku inazunguka karibu na waya, taa ya mbele inawaka, ukisimama inazimika. Sasa fikiria dunia yenyewe ndo sumaku inayotikisika na laini ya umeme ya kilomita mia tano ndo waya. Umeme unazaliwa humo bila mtu kuuomba. Kwa kila kilomita moja ni volti kidogo sana, hata dhoruba kubwa ni volti chache tu, lakini zidisha kwa urefu wa laini. Na hizi laini kubwa huko mwisho transfoma zake zimefungwa athi, yaani nyutro imeshushwa ardhini kwa usalama. Basi umeme huo unapanda kwenye athi ya kituo hiki, unatembea na laini, unashukia athi ya kituo kingine mkoa mwingine huko.

Ubaya wake ni kwamba ni umeme mpole, wa kwenda upande mmoja kama wa betri, unakaa dakika kadhaa hivi. Transfoma imetengenezwa kwa umeme wa kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ukiichanganyia ule wa betri chuma chake cha katikati kinashiba sumaku, kikishiba hakipokei tena, sumaku inamwagika nje inachemsha mafuta na kuta za tenki. Waliokaa karibu na transfoma wanajua inavuma mmmmmm kama mzinga wa nyuki, sauti moja usiku na mchana mpaka unaizoea. Ikishiba inabadilika, inaanza kukoroma. Na kabla hata haijaungua inakuwa imeshavuruga volteji ya gridi nzima, vile vifaa vya ulinzi vinaona kitu visichokijua vinajizima.

Ndo yaliyowakuta Quebec, Canada, tarehe 13 Machi 1989 saa nane usiku inakwenda tisa. Laini zao za kilovolti 735 zinatoka mabwawa ya kaskazini karibu kilomita elfu moja mpaka mijini, na chini ni mwamba mtupu usiopitisha umeme vizuri, kwa hiyo ule umeme wa ardhini ukaona bora upande kwenye waya. Mitambo saba ya kutuliza volteji ikajizima mmoja baada ya mwingine haikufika hata dakika moja, na toka ilipoanza mpaka gridi nzima chini ni kama sekunde 90. Watu milioni sita gizani kwa muda wa masaa tisa, tena kwenye baridi yao ile. Mtu wa zamu hana hata muda wa kuweka kikombe cha chai mezani.

Sasa nyumbani kwako. Waya kutoka nguzoni mpaka kwako ni mita ngapi, arobaini? Umeme wa namna hiyo hauzaliwi kwenye waya mfupi hivyo, na uliozaliwa kwenye laini kubwa hauvuki kuja kwako, transfoma haipitishi umeme wa betri kutoka upande mmoja kwenda wa pili, hilo hata kijana wa veta mwaka wa kwanza analijua. Simu yako ndo kabisaa, haina waya hata wa futi moja. Hicho kidude hakina cha kuzuia kwa sababu hakuna kinachokuja.

KijanaSahare:

Mzee shkamoo, lakini mbona mwezi wa tano 2024 ilitokea dhoruba kubwa ya jua na intaneti ikakatika Tanzania nzima?? Mi nakumbuka vizuri nilikuwa na mtihani wa online, mitandao ilikufa Jumapili ile na watu wakaposti kwamba ni jua, na wiki moja kabla ya hapo kimbunga Hidaya. Au tulidanganywa

Mwl_Fizikia_Dar:

KijanaSahare hapo umechanganya mambo mawili, na sio we peke yako, darasani kwangu nusu ya wanafunzi waliniambia hivyohivyo. Dhoruba ya jua ilipiga usiku wa Ijumaa 10 Mei 2024, ilifika daraja la G5 ambalo ndo la mwisho kwenye vipimo vya Wamarekani, na ilikuwa haijafika hapo toka Oktoba 2003. Mpaka watu wa nchi ambazo hawajawahi kuona zile taa za rangi angani waliziona. Jumapili tarehe 12 Mei nyaya za baharini EASSy na Seacom zikakatika huko pwani ya Afrika Kusini, ndo intaneti ya huku ikafa. Waya wa baharini umekatwa huko chini ya maji, jua halina mkono wa kufika huko. Ni bahati mbaya imefuatana siku mbili tu na watu wanapenda kuunganisha.

Afu dhoruba yenyewe hiyo ya Mei, kubwa hivyo, gridi za umeme zilivuka. New Zealand walizima baadhi ya laini kwa makusudi kama tahadhari, wakulima wa Marekani waliokuwa msimu wa kupanda trekta zao zikapoteza njia kwa sababu zinaendeshwa na GPS. Lakini giza la mamilioni halikuwepo. Kwa sababu walikuwa na taarifa. Kuna setilaiti zimekaa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa upande wa jua, ile gesi inazipitia kwanza, ukipata taarifa hapo una robo saa mpaka saa moja hivi ya kujipanga. Hata Afrika tunacho kituo, kipo Hermanus, Afrika Kusini, wanakesha masaa 24 toka Novemba 2022.

Ila Mzee LainiKubwa heshima yako, kuna jambo moja naomba nitofautiane nalo, umeongea kama vile hii ni shida ya wazungu wa kwenye barafu peke yao.

MzeeLainiKubwa:

Sijasema hivyo mwalimu. Soma tena.

Mwl_Fizikia_Dar:

Hujasema kwa mdomo lakini mfano wako ni Quebec peke yake mzee wangu, msomaji ataondoka na picha kwamba huku tuko salama kabisa. Kweli karibu na ncha za dunia ndo kunaumia zaidi. Lakini dhoruba za mwisho wa Oktoba 2003, hizo zilizozima Malmö kule Sweden watu elfu 50 wakakaa gizani karibu saa nzima, zilipiga na Afrika Kusini, na huko hakukuzimika kitu siku ile. Miezi iliyofuata ndo transfoma kadhaa kubwa zikakutwa zimeungua insulesheni ndani, taratibu, kimyakimya. Afrika Kusini sio karibu na ncha yoyote. Na dhoruba kubwa kuliko zote tunazojua, ya Septemba 1859, ile aliyoiona Mwingereza Richard Carrington mlipuko wake kwa macho kwenye darubini na baada ya saa kama 17 na nusu ikafika, waliokuwa na telegrafu Marekani walipigwa shoti na wengine wakachomoa betri wakaendelea kutuma ujumbe kwa umeme wa angani tu. Kipimo maarufu kabisa cha sumaku cha dhoruba ile kilichukuliwa Colaba, Bombay. Bombay! Ng'ambo ya bahari yetu hii hii mnayovulia, sio Canada.

Na sasa angalia sisi tunajenga nini. Zamani laini zetu zilikuwa fupifupi. Sasa kuna kilovolti 400 Iringa mpaka Shinyanga, kilomita mia sita na ushee, na nyingine kutoka Singida kwenda Isinya Kenya zaidi ya kilomita 500, na ya Zambia inakuja. Dainamo ni ileile lakini waya tunaurefusha wenyewe.

MzeeLainiKubwa:

Hapo kwenye urefu wa laini nakubali, tena umenikumbusha. Sisi wakati wetu pale Hale tukiangalia mita ya nyutro ilikuwa ni kutafuta kosa la fezi tu, hakuna aliyewaza jua. Kuweka mita ya umeme wa betri kwenye nyutro za vituo vya kilovolti 400 sio gharama kubwa ukilinganisha na transfoma moja, maana transfoma ya saizi ile hainunuliwi dukani, inaagizwa, inatengenezwa kwa oda, unasubiri mwaka au zaidi, afu uisafirishe na barabara zetu hizi. Quebec wenyewe baada ya kipigo kile walifunga kapasita za mfululizo kwenye laini, umeme wa betri haupiti kapasita, ukafungiwa njia.

Lakini bado nasimama pale pale kwa Bibie, swali lake ni friza sio gridi. Pweza wa Ngamiani hawezi kuuawa na jua moja kwa moja.

NahodhaDeepSea:

Mi sio wa umeme mi wa bahari lakini niseme, sisi tunaovuka kwenda Pemba na tunaolala nje, hii kitu tunaikuta kwenye GPS. Kuna usiku hasa baada ya magharibi unaona kile kimashine kinahangaika, setilaiti zinaingia zinatoka, mshale unahama chombo kimetia nanga. Tulidhani betri. Kijana mmoja wa chuo alinieleza kwamba sisi wa karibu na ikweta anga la juu jioni linachafuka lenyewe, na jua likichafuka ndo zaidi, hasa mwezi wa tatu na wa tisa. Sasa ninavyofanya nikiona inahangaika naiacha, naangalia mnara wa Ulenge na nyota, wazee walivuka bila hivyo vimashine. Msimwambie mtu kwamba huku hakutugusi, kunatugusa ila sio kwenye friji.

Mwl_Fizikia_Dar:

Nahodha umemaliza kila kitu, kijana kakueleza sahihi. Na redio za mawimbi mafupi pia, mlipuko ukitokea mchana mwanga wake unafika dakika nane na redio inakata upande wa dunia wenye jua, hiyo hata huwezi kupata taarifa kabla.

MtumaWete:

Sie huku Pemba twala umeme wa Tanga kwa waya wa baharini toka 2010, kilovolti 33, basi mkizimika nyie na sie tumo. Nauliza huo waya wetu nao ni mrefu, si utazaa huo umeme wa jua? Au ukiwa majini hauzai

MzeeLainiKubwa:

MtumaWete waya wenu ni chini ya kilomita 80, ni mfupi ukilinganisha na hizo laini za mia tano. Kuwa majini hakukingi, lakini kwa urefu ule usihangaike nao. Nanga za majahazi ndo adui yake.

MtumaWete:

Nanga hizo namjua mwenyewe hahaha, haya ahsante.

Msela_wa_Makorora:

Na sola jamani? Mi nina paneli mbili bandani na betri ya maji, zitaungua?

Mwl_Fizikia_Dar:

Haziungui. Paneli inakula mwanga, dhoruba hii sio mwanga mwingi zaidi. Waya wako toka paa la bati mpaka betri ni mita ngapi, sita? Kachunge maji ya betri yasikauke ndo kazi yako.

BibieNgamiani:

Nawashukuru sana, nimesoma yote mpaka nimeunguza mchuzi. Nimekwenda kwa jirani aliyenunua kile kidude, yule wa kijumbe, nikamwomba tukifungue kwa bisibisi, kwanza kagoma anasema waranti, nikamwambia waranti ya nani fundi mwenyewe hujui anakaa wapi. Tumefungua. Ndani kuna taa nyekundu ndogo ile inayowaka, fyuzi moja ya kioo, kidude cha bluu cha duara kama kifungo cha shati chenye miguu miwili, na nati kubwa ya gari imegandishwa kwa gundi chini. Nati ya nini jamani??

MzeeLainiKubwa:

Nati ni ya uzito mwanangu. Mtu akikishika mkononi aone kina kitu.

Hicho cha bluu ni kitu cha kweli, kinapunguza umeme wa ghafla kama wa radi ya mbali au ule wa kurudi kwa kishindo, hata ekstensheni nzuri zinacho. Bei yake haifiki soda. Sasa nisikilize vizuri maana kilichoua kompresa yako mwaka jana hakikuwa jua. Umeme ukikatika, gesi ndani ya kompresa bado ina presha upande mmoja. Ukirudi baada ya sekunde chache au ukirudi mdogo halafu mkubwa halafu mdogo, mota inajaribu kuzunguka na presha imekaba, inavuta moto mwingi, inaungua. Ndo ile tap uliyosikia ikijaribu ikashindwa. Kwa hiyo nunua gadi ya kawaida ya friji, ile ya kusubiri, umeme ukirudi inakaa dakika tatu mpaka tano kabla ya kuachia, na inakata volti zikiwa chini sana au juu sana. Hiyo ndo dawa, na hata siku gridi ikianguka kwa sababu ya jua, au nguzo, au kunguru, ikirudi itarudi kwa kishindo kilekile na gadi itasubiri vilevile. Ukikosa hela, chomoa kwa mkono, subiri taa za ndani zitulie, ndo uchomeke.

Na friza iliyojaa usiifungue fungue, barafu zako ziweke katikati ya pweza, itakaa siku nzima na zaidi bila umeme.

KijanaSahare:

Na ile sauti ya grupu nani kairekodi

Msela_wa_Makorora:

Mwenye nati

BibieNgamiani:

Leo Ijumaa kaja. Kwanza kasema elfu 45, nikanyamaza, kasema 30, nikamwambia nimeshaona nati, kacheka akasema basi dada elfu 20 hela ya kula tu. Nikamwambia nenda zako mwanangu. Kasimama pale mlangoni kidogo, afu kaniomba achomeke simu yake kwenye soketi yangu apate hata asilimia kumi, anakwenda Chumbageni kuna wateja wanamsubiri.